Senti ya Wakati Gani? Stempu za Babu na Bei ya Barua Kusini mwa Nyanza

Najua wengi mnangoja sehemu ya pili ya makala yangu kuhusu hifadhidata. Itakuja, msinichoke. Lakini majuzi nilikwenda nyumbani Rongo, kaunti ya Migori, nikarudi Nairobi na mkebe wa biskuti ndani ya mkoba wa laptopu, na tangu siku hiyo sijaandika msitari wa programu unaohusu kazi inayonilipa.

Mkebe ni wa marehemu babu. Miaka mingi alikuwa tarishi katika ofisi ya serikali Kisii, enzi zile Kisii ikiwa makao makuu ya wilaya ya South Nyanza, ambayo leo ndiyo kaunti za Kisii, Nyamira, Homa Bay na Migori. Tarishi ni mtu wa bahasha. Zilizotupwa aliziokota, na nyingine chache za zamani sana alipewa na Mhindi mmoja mwenye duka Kendu Bay aliyekuwa rafiki yake. Barua za jamaa nazo aliziweka humo humo.

Baba mdogo ndiye aliyenikabidhi mkebe, na hakunikabidhi kwa ajili ya historia. Binti yake amepata nafasi chuoni na karo haijatimia. Kuna mtu amemwambia sokoni kwamba stempu moja ya zamani ya Kenya iliuzwa Uingereza kwa bei ya nyumba.

"Wewe si ni mtu wa mitandao," akaniambia, "hebu angalia hizi ni pesa ngapi, utuambie."

Nikafanya jambo ambalo mtu wa kompyuta yeyote angefanya. Nikafungua jedwali: mwaka, mahali, bei iliyoandikwa kwenye stempu, hali yake. Halafu nikaandika programu fupi ya kubadilisha bei zote ziwe shilingi, ili nione jinsi gharama ya barua ilivyopanda toka enzi za mkoloni hadi leo. Grafu ikatoka nzuri sana, mstari laini unaopanda kama mlima wa Homa ukiutazama toka ziwani. Na ilikuwa makosa matupu.

Kosa lilikuwa kwenye neno moja: senti. Mkebeni kuna stempu ya senti 6 ya East Africa and Uganda Protectorates, yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano, na kuna nyingine za senti 5 na 10 za Kenya, Uganda na Tanganyika. Programu yangu ilizichukulia zote kuwa senti za shilingi. Sivyo hata kidogo! Ili nieleze kwa nini, inabidi turudi nyuma kidogo.

Stempu za kwanza katika nchi hii zilitoka Mei 1890. Imperial British East Africa Company ilichukua stempu za Uingereza za Malkia Victoria na kuchapa juu yake jina la kampuni na bei mpya kwa fedha ya Kihindi. Stempu ya peni 1 ikawa nusu anna, ya peni 2 ikawa anna 1, ya peni 5 ikawa anna 4. Fedha iliyotembea pwani ilikuwa rupia, yenye anna 16, na kila anna ilikuwa na pesa 4. Ndiyo, neno letu pesa limetoka huko huko. Kwa hiyo rupia moja ni pesa 64. Mtu wa kompyuta akiona 64 na 16 na 4 anafurahi, maana hizo ni namba zetu, lakini karani wa posta aliyejumlisha kwa kalamu sidhani alifurahi sana.

Sasa, watu wa Rongo na Homa Bay tusijidanganye kwamba stempu hizo zilikuwa zetu. Hadi 1902 upande huu wote wa Nyanza ulihesabiwa kuwa mkoa wa mashariki wa Uganda. Mwaka huo ndipo tulipohamishiwa upande wa East Africa Protectorate, bila kuulizwa na bila mtu kuhama boma lake. Kwa hiyo kwa ramani, stempu "zetu" za mwanzo ni zile za Uganda za 1895, ambazo mimi naona ni stempu za ajabu kuliko zote duniani. Huko Mengo hakukuwa na mashine ya kuchapa stempu. Kulikuwa na mmisionari wa Church Missionary Society, Ernest Millar, aliyekuwa na taipureta. Akaombwa atengeneze stempu. Akakaa chini akazipiga moja moja kwa taipureta kwenye karatasi nyembamba, kila stempu fremu ya vistari, herufi za U na G juu, na namba katikati. Namba hiyo haikuwa anna wala senti. Ilikuwa kauri, zile simbi za baharini ambazo kwa Kijaluo ni gagi. Kauri 200 zilihesabiwa sawa na rupia 1.

Hebu fikiria, msomaji. Mchoro uliotengenezwa kwa herufi na vistari tu, kama wale waliokuwa wakichora paka kwenye barua pepe. Kwa kuwa zilipigwa kwa mkono, makosa yamejaa, namba zimerekebishwa kwa kalamu, na ukitazama upana wa herufi unaweza kujua zilipigwa kabla au baada ya mashine kubadilishwa. Leo nyingi kati ya hizo zinauzwa kwa maelfu ya pauni. Kwa sababu hiyo hiyo zinaghushiwa sana, maana taipureta kuukuu na karatasi ya zamani si vitu vigumu kupata. Ukiuziwa moja, usilipe kabla mtaalamu hajaikagua.

Upande wa pili wa Migori, ukivuka pale Isebania, mambo yalikuwa mengine. Mpaka ule waliuchora Waingereza na Wajerumani, toka pwani hadi kwenye ziwa kwa digrii 1 kusini ya ikweta. Ng'ambo, Wajerumani walitumia rupia pia, kwanza yenye pesa 64, halafu kuanzia 1905 yenye heller 100. Waingereza nao upande wetu wakaachana na anna miaka miwili baadaye, na kuanzia 1907 stempu zetu zikawa za senti, senti 100 kwa rupia. Kwa hiyo ndugu wawili wa Kikuria wenye maboma yanayotazamana, mmoja stempu yake ina heller na mwingine senti, na zote ni sehemu ya mia ya rupia.

Hapo ndipo programu yangu ilipojikwaa. Senti 6 ya enzi ya George wa Tano, kabla ya 1920, ni senti ya rupia. Baada ya vita kuu ya kwanza bei ya fedha ilipanda, na rupia iliyokuwa na thamani ya shilingi 1 na peni 4 za Kiingereza ikawa ghali. Serikali ikaamua mwaka 1920 kuifunga rupia kwenye shilingi 2 kamili. Zamani rupia 15 zilikuwa pauni moja, ghafla rupia 10 zikatosha. Mwenye deni la rupia akajikuta deni limeongezeka kwa nusu bila kukopa chochote. Kisha rupia ikaitwa florin, na florin haikudumu. Ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, 20 kwa pauni, nusu ya florin. Fedha tatu, na kila moja ina senti 100! Senti 6 ya rupia, kwa hesabu ile ya serikali, ni senti 12 za shilingi. Kwenye jedwali langu zilikaa safu moja na zile za miaka ya 1940 kana kwamba ni kitu kimoja.

Wenzangu mnaoandika programu mnajua ugonjwa huu. Namba bila kipimo. Katika kazi yangu nimewahi kuona mfumo wa malipo uliochanganya shilingi na senti, na mteja akatozwa mara mia. Nilicheka wakati ule. Safari hii nilijicheka mwenyewe, nikaongeza safu ya "fedha gani", na grafu ile laini ikavunjika vipande vitatu.

Stempu zenyewe zinaonyesha mahali ilipovunjika, ukijua kuzitazama. Bei ikibadilika ghafla na stempu mpya hazijafika toka London, posta huchapa namba mpya juu ya ya zamani. Ni kiraka. Mwaka 1919 walichapa "4 cents" juu ya stempu ya senti 6, na kuna karatasi chache ambazo maandishi hayo yalitoka juu chini au mara mbili. Kosa la mchapaji leo ndilo linalotafutwa na wakusanyaji, na ile isiyo na kosa ni ya kawaida tu. Mwaka 1975 Kenya ilifanya hivyo tena kwenye zile stempu za kombe za 1971, ya shilingi 20 ikageuzwa kuwa shilingi 40.

Sasa nyumba ya Uingereza. Yule mtu wa sokoni hakudanganya kabisa. Mwaka 1922 zilianza kutoka stempu za Kenya na Uganda zilizokuwa na bei hadi pauni 100, yaani shilingi 2,000. Nani aliyetuma barua ya pauni 100? Hakuna. Zilibandikwa zaidi kwenye hati za serikali ili kuonyesha kwamba ushuru umelipwa. Mpya, safi, yenye gundi yake, ni mali kubwa kweli. Iliyotobolewa au kupigwa muhuri wa ushuru bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na hiyo. Babu hakuwa nayo, wala sioni njia ambayo tarishi wa Kisii angeipata.

Alichokuwa nacho babu ni kile walichokuwa nacho watu wote: stempu za barua za kawaida, zilizochapwa kwa mamilioni. Nilimweleza baba mdogo kwa simu jinsi bei zinavyokwenda. Umri peke yake hauna kazi. Penny Black ya Uingereza ya 1840 ndiyo stempu ya kwanza duniani, lakini zilichapwa zaidi ya milioni 68, na mtu wa mshahara wa kawaida Nairobi anaweza kujinyima akanunua moja iliyochakaa. Kinachoangaliwa ni ngapi zilichapwa, ngapi zimebaki, ina matundu yote pembeni, haina doa wala mpasuko, na muhuri umekaa vipi. Bei iliyo kwenye katalogi ya Stanley Gibbons ni ile ambayo mwenye duka anakuuzia wewe. Wewe ukimpelekea hakupi hiyo.

"Na ile ya simba?" akauliza.

"Baba mdogo, ile ya simba ni senti 10. Iko kila mahali."

Akanyamaza kidogo. "Na ile ya jahazi?"

Hapo nikanyamaza mimi.

Mwaka 1935, baada ya posta za Kenya, Uganda na Tanganyika kuunganishwa, zilitoka stempu za pamoja zenye picha za nchi. Mlima Kilimanjaro, Mlima Kenya, korongo, ziwa Naivasha. Ile ya senti 5 ilikuwa na jahazi kwenye ziwa Victoria. Kwa mtoto aliyekulia karibu na ziwa hiyo ilikuwa stempu yetu kabisa. Mfalme kwenye stempu alibadilika 1938, jahazi likabaki.

Halafu vita. Stempu hizi zilichapwa London na De La Rue, na Desemba 1940 ndege za Wajerumani ziliteketeza kiwanda chao. Meli nazo zilikuwa zinazamishwa baharini. Stempu zikaanza kuadimika huku kwetu. Posta ikafanya kiraka kingine: wakachukua stempu za Afrika Kusini, na kati ya 1941 na 1942 wakachapa juu yake majina ya Kenya, Tanganyika na Uganda na bei mpya. Ya senti 5 ilikuwa ni ile ya peni 1 ya Afrika Kusini, nayo pia ina chombo cha tanga, ila si jahazi letu. Ni Dromedaris, meli iliyomleta Jan van Riebeeck Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652.

Nilipokuwa darasa la sita nilianza kukusanya stempu. Babu aliniruhusu kuchagua mkebeni. Nikaona bahasha yenye jozi ya hizo Dromedaris zikiwa zimeshikana, na stempu ya simba ya senti 10 pembeni. Nikafanya nilivyomwona rafiki yangu akifanya: nikaloweka bahasha kwenye karai la maji, nikazibandua, nikazianika. Bahasha iliyolowa nikaitupa. Jozi haikuenea kwenye kisanduku cha daftari langu, kwa hiyo nikazitenganisha. Moja nikaibadilisha shuleni na stempu kubwa ya pembetatu ya Mongolia yenye picha ya ngamia. Niliona nimempunja mwenzangu.

Stempu za Afrika Kusini za wakati ule zilichapwa kwa zamu, moja kwa Kiingereza na inayofuata kwa Kiafrikana, upande kwa upande. Mkusanyaji anataka jozi, zikiwa hazijatenganishwa. Jozi iliyotumika, ikiwa bado juu ya bahasha yake ya vita yenye muhuri unaosomeka, ni kitu ambacho angekilipia. Stempu moja iliyobanduliwa haifiki bei ya soda. Bado haingekuwa karo ya chuo, tusitie chumvi. Labda nauli na vitabu vya muhula mmoja.

Lakini si hilo lililoninyamazisha. Barua iliyokuwa ndani ya ile bahasha bado ipo, kwa sababu babu aliitoa kabla hajanipa. Iliandikwa na kaka yake mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi ya reli Nairobi. Anauliza habari za ng'ombe mmoja mweupe, anaagiza mdogo wake asiache shule, na juu ameandika "Jumapili". Hakuna mwaka. Baadaye aliingia jeshini, King's African Rifles, akapelekwa Burma na kikosi cha Afrika Mashariki, na hakurudi. Ni barua yake pekee tuliyo nayo. Baba mdogo amekuwa akiandika historia ya ukoo kwenye daftari kubwa la hesabu, na pale kwenye jina la huyo mzee ameacha nafasi wazi. Mwaka ulikuwa kwenye muhuri, na muhuri niliuloweka mimi.

Nikaitafuta ile Dromedaris moja iliyobaki kwenye daftari langu la zamani. Ipo. Muhuri wa mviringo ulikuwa umekaa katikati ya jozi, kwa hiyo kila stempu ilibeba nusu. Nusu yangu ni ya kushoto. Juu inasomeka NAI, na chini yake, kwenye mstari wa tarehe, 19 F. Basi. Mengine yalikwenda na ngamia wa Mongolia.

Tukae chini tuhesabu kama watu wa kompyuta. Mwezi unaoanza na F kwa Kiingereza ni mmoja tu, Februari. Stempu hizi zilianza kutolewa Julai 1941, kwa hiyo Februari ya kwanza inayowezekana ni ya 1942. Upande wa pili, mwandishi bado ni mtu wa reli. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo ndiyo iliyokwenda Burma, iliundwa mwanzoni mwa 1943 na katikati ya mwaka huo ikawa inapelekwa Ceylon kujiandaa. Februari 1944 haiwezekani tena. Zimebaki mbili: 1942 au 1943. Kisha kuna lile neno "Jumapili" lililo juu ya barua. Nikaandika msitari mmoja wa programu kuuliza tarehe 19 Februari iliangukia siku gani. Mwaka 1942 ilikuwa Alhamisi, mwaka 1943 Ijumaa. Mtu aliyeandika Jumapili akaipeleka posta Alhamisi au Ijumaa, akingoja pengine siku ya mshahara ili apate senti 20 za stempu. Hiyo haitoi jibu, lakini nimeitazama mara nyingi.

Bahasha nyingine za mkebe nimezipiga picha zote kama zilivyo, mbele na nyuma, na sijagusa gundi. Kuna ya 1968 yenye stempu ya senti 30. Kuna ya 1985 ya shilingi 1, ya shangazi aliyekuwa Homa Bay. Baada ya hapo namba zinakimbia. Mwaka 1993 bei za vitu zilipanda kwa takribani asilimia 46, na bahasha zilizokuja baada yake zinabeba stempu za shilingi nzima nzima, hadi makumi ya shilingi. Mwisho kuna kadi ya Krismasi ya 2006. Machi 2007 Safaricom ikaanzisha M-Pesa, na kwetu barua nyingi zilikuwa na hela ndani au hati ya posta ya kuchukulia hela, kwa hiyo sababu ya kununua bahasha ikaisha. Baada ya hiyo kadi mkebe hauna kitu.

Juzi nikampigia baba mdogo. Nikamwambia stempu zote pamoja hazifiki elfu tano, na kwamba karo nitachangia mimi kiasi fulani kila mwezi, tuone na wengine wataongeza nini. Akashukuru. Kisha nikamweleza habari ya muhuri, yote, pamoja na karai la maji.

"Kwa hiyo niandike mwaka gani?" akauliza.

"Andika Februari, 1942 au 1943."

Nikamsikia akitafuta kalamu.

"Na huyo uliyempa ile nyingine," akasema, "si mlikuwa darasa moja? Ni mtoto wa nani?"

Nimempata. Ana duka la vipuri vya pikipiki Awendo. Anasema daftari lake la stempu liko kwa mama yake, na kwamba ngamia anamtaka arudishwe kwanza.